Neno "sound" la Kiingereza: ukiona maana kumi jua ni maneno manne yamegongana

Kipaza Sauti (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu.

Naona watu wanaojifunza Kiingereza wanateswa sana na hili neno "sound". Mtu kashazoea kwamba ni sauti basi, halafu anakutana na "sound advice" anatafsiri ushauri wa sauti, anakutana na "safe and sound" anabaki anajiuliza sauti imeingiaje kwenye usalama, anafungua ramani anakuta kuna bahari inaitwa Puget Sound huko jimbo la Washington Marekani anadhani labda mawimbi yake yana makelele sana. Akienda kuuliza anaambiwa "neno lina maana nyingi, kariri". Hapo ndo naona tunaibiwa mchana kweupe.

Msimamo wangu ni huu: hilo sio neno moja lenye maana nyingi. Ni maneno manne, yametoka nyumba nne, kila moja limesafiri kivyake na mwisho yakajikuta yanaandikwa na kutamkwa sawa. Sisi tunalo "kaa". Kuna kaa wa baharini anayetembea upande, kuna kaa la moto, kuna kaa kitako. Sijawahi kuona Mswahili anatafuta undugu wa kaa wa baharini na kaa la moto, ila mtu huyohuyo akifika kwenye Kiingereza anaanza kulazimisha ukoo.

La kwanza ndo hilo la sauti. Limetoka Kilatini "sonus", likapita kwenye Kifaransa cha zamani, likaingia Kiingereza likiwa "soun" tu, bila d. Ile d ya mwisho imeota kuanzia karne ya 15 hivi na haina asili yoyote kwenye Kilatini, ni ulimi tu. Ukitamka n ulimi uko palepale inapotokea d, ukichelewa kidogo kuutoa, d inakuponyoka. "Thunder" nayo ilipata d ya katikati kwa njia hiyohiyo, Wajerumani mpaka leo ngurumo wanaiita "Donner" na maisha yanaenda. Msicheke, hata kwetu n na d ni chanda na pete: ulimi mmoja ndimi mbili, uzi mrefu nyuzi ndefu. Sio kanuni ileile kabisa maana kwetu ni l na r ndo zinageuka, lakini mahali ulimi unapogusa ni palepale. Ndugu halisi wa hili neno ni "sonic", "resonance", "unison", "consonant", wote hao wana "son" ya Kilatini tumboni.

La pili ni la uzima, na hili halijawahi kuwa na habari yoyote na sauti. Kiingereza cha kale kilikuwa na "gesund", Wajerumani wanalo mpaka leo, "gesund", mwenye afya. Mtu akipiga chafya Ujerumani anaambiwa "Gesundheit", yani afya. Sasa chukua huo uzima upeleke kwenye yale maneno yaliyokuwa yanakusumbua uone yanavyonyooka: "safe and sound" ni salama salimini. "Of sound mind" kwenye wosia ni mwenye akili timamu. "A sound argument" ni hoja yenye mashiko. "Sound advice" ushauri wa maana, uliokomaa. Jengo likiwa "sound" halina ufa, liko imara. Hata "a sound beating" ni kipigo kilichokamilika, kipigo cha haja. Na "sound asleep" ndo inanifurahisha kuliko zote, maana mtu aliyelala fofofo usingizi wa pono ndo yule asiyesikia sauti yoyote, halafu neno lenyewe ndo hilo.

La tatu ni la jiografia. Mlangobahari, mkono wa bahari uliopenya katikati ya nchi kavu mbili au kati ya bara na kisiwa. Hili limetoka kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya, kwenye Kinorsi cha kale (lugha ya zamani ya Skandinavia) "sund", na hapohapo lilimaanisha kuogelea pia. Ni ndugu wa "swim". Kwa hiyo asili yake ni maji ambayo mtu anaweza kuyavuka kwa kuogelea, ingawa siwashauri mjaribu Long Island Sound. Ule wa Øresund kati ya Denmaki na Uswidi Waingereza waliuita "the Sound" tu, kama vile hakuna mwingine duniani, na Denmaki ilikaa pale ikatoza ushuru meli zinazopita toka miaka ya 1420 mpaka 1857. Fikiria zaidi ya miaka mia nne unakusanya hela za watu kwa sababu una mlango.

La nne ni kitenzi, kupima kina cha maji. Limetoka Kifaransa "sonder". Hili naliacha kwa wenye bahari yao, humu najua wapo.

Karibuni tubishane, ila mtu asije kuniambia "English ni ngumu" akaondoka.

Jicho la Nyoka

Mkuu umeandika vizuri ila mi napinga. Lugha zote maana hupanuka, hakuna haja ya kuleta maneno manne. Angalia wenyewe wanasema "sound as a bell". Kengele au chungu ukitaka kujua ni kizima unafanyaje? Unakigonga na kidole unasikiliza. Kikilia vizuri, ngiiing, kizima. Kikitoa mlio mfu, tah, kina ufa. Kwa hiyo sauti ndo iliyozaa uzima, kitu chenye sauti nzuri ni kitu kizima. Mbona iko wazi kabisa.

Kipaza Sauti (mwanzisha uzi)

@Jicho la Nyoka hiyo hoja ni tamu na ndo inayowapoteza wengi, maana inaingia akilini haraka. Tatizo lake ni kalenda. Wanormani waliivamia Uingereza mwaka 1066 na hao ndo waliokuja na Kifaransa chao, na neno la sauti limekuja na hicho Kifaransa. "Gesund" lilishakuwepo kwenye Kiingereza kabla ya hapo. Mtoto hawezi kumtangulia mzazi. Hao waliosema "sound as a bell" wanacheza na maneno mawili kwa mpigo, na kengele ndo kitu pekee ambacho utani huo unakikaa sawasawa, kizima na kinalia.

Kipimo kingine rahisi, tafuta kinyume. Sauti kinyume chake ni kimya. Hoja yenye mashiko kinyume chake sio hoja iliyo kimya, ni hoja iliyooza, na Kiingereza kinasema "unsound". Neno likiwa moja kweli, vinyume vyake havikimbiani hivyo. Na kamusi za Kiingereza zikiwa makini utaona vinamba vidogo juu ya neno, 1, 2, 3, 4, kila moja na aya yake. Vile vinamba watu huwa wanaviruka kama tangazo.

Nahodha Kivuli

Nimeitwa nimekuja. Hilo la nne acheni nilifafanue mimi maana naona mnalipita juujuu.

Zamani kabla ya mitambo, meli ikikaribia maji machache mtu mmoja anasimama pembeni na bildi. Bildi ni kipande cha risasi, ile madini nzito, kirefu chembamba, kwa maji ya kawaida kilo 3 mpaka 6 hivi, kimefungwa kwenye kamba yenye alama. Anaizungusha anairusha mbele ya meli ili mpaka meli inafika pale risasi ilipo kamba iwe imesimama wima, anasoma alama anapiga kelele kumjulisha nahodha. Hiyo ndo "sounding". Na alama zenyewe hazikuwa za rangi tu. Kwenye pima 2 kulikuwa na kipande cha ngozi chenye mikia miwili, pima 3 ngozi yenye mikia mitatu, pima 5 kitambaa cheupe, pima 7 kitambaa chekundu, pima 10 ngozi yenye tundu. Vitambaa vyenyewe vilikuwa vya aina tofauti makusudi, maana usiku wa giza nene hauoni rangi, unapapasa. Mkono unajua hii ni ngozi yenye tundu, hiki ni kile kitambaa laini, hiki kile kinachokwaruza.

Halafu chini ya ile risasi palikuwa na shimo, wanalijaza shahamu. Ikigusa sakafu ya bahari shahamu inanasa kilichopo: mchanga, tope, vigae vya kome. Ikirudi safi haina kitu basi chini ni mwamba, msitie nanga hapo. Yani kwa kamba moja umejua kina na umejua sakafu ikoje. Watu walikuwa na akili.

Na neno "pima" nililotumia hapo sijakosea, ndo kipimo chenyewe, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Waingereza wana "fathom" na asili yake ni hiyohiyo, mikono iliyotanuliwa kama unataka kumkumbatia mtu. Leo imewekwa kuwa futi 6, mita 1.83 kasoro kidogo. Samuel Clemens alikuwa rubani wa meli za mvuke kwenye mto Mississippi, na jina alilojipa la kuandikia, Mark Twain, ni ukelele wa huyo mtu wa bildi: alama ya pili, yani pima mbili, futi 12, meli inapita salama.

Nyangumi naye akizama kwenda chini wanasema "the whale sounded". Nimeona mahali mtu katafsiri nyangumi alilia. Jamani. Nyangumi kazama!

Mama Vokali

Mtu wa bildi umenikosha 😂😂 sikujua hayo ya shahamu.

Naongezea kitu kidogo, sisi tuna "chubwi", kile kizito kinachofungwa kwenye mshipi au kamba ili izame. Na kitu kikitumbukia majini tunasema kimeingia chubwi! Kwa hiyo kwetu sauti na kina walishakutana kwenye neno moja bila msaada wa Mfaransa.

Lakini nilichojia ni visawe, maana naona mmekazana na mababu wa neno wakati mtu wa mtihani anaulizwa "toa visawe vya sound" anaandika noise, anapewa kosa, analia. Tatizo sio noise. Tatizo ni kwamba hakuna kisawe cha "sound" mpaka ujue ni "sound" ya nani. Ikiwa ya uzima visawe ni "healthy", "solid", "valid", "reliable" na "thorough". Ikiwa ya bahari ni "strait" au "inlet". Ikiwa ya kina ni "probe", "fathom", "plumb". Ya sauti ndo unakuja kwenye "noise", "tone", "din", "clamour" na wenzao. Ukichomeka kisawe cha nyumba hii kwenye nyumba ile ndo unapata "noisy advice".

Hata ndani ya nyumba ya sauti visawe havilingani. "Noise" ni ile usiyoitaka. Ngoma ileile kwa anayecheza ni "sound", kwa anayetafuta usingizi ni "noise". "Din" ni kelele nzito isiyokatika, "clamour" mara nyingi ina watu ndani yake wanapaza sauti wanadai kitu. "Tone" ina rangi, inaweza kuwa ya ala au ya mtu aliyekasirika.

Halafu mje kwenye Kiswahili mtaona kwanini tafsiri ya "sound" kuwa "sauti" kila mahali inachosha masikio. Sisi hatupendi jina moja la jumla, tunauliza kwanza kimetoka wapi. Bunduki ina mlio. Miguu ina kishindo. Bahari ina mvumo. Simba na radi wana ngurumo. Kitu kizito cha mbali usichokiona, kile kinachosikika kama kinatokea ardhini, ni mtutumo. Majani makavu yakikanyagwa ni mchakacho, mafuta yakitiwa kitu chenye maji yanatatarika, vidole vinaalika, ngoma zinarindima, jogoo anawika, nyuki wanavuma, na ukuta ukiirudisha sauti yako ni mwangwi. Mtu anayeandika "sauti ya bunduki" anaeleweka, sikatai, ila anayeandika "mlio wa bunduki" kaisikia kweli.

Nakuja na moja ya mwisho niondoke. "Noise" kwenye picha msitafsiri kelele. Picha iliyopigwa gizani ikajaa vinukta ina chengachenga, ndivyo tunavyosema toka enzi za televisheni za antena. Redioni ni mikwaruzo.

fizikia_tu

@Mama Vokali naomba nikuongezee hapo kwenye sauti maana kuna mkanganyiko unaua watu kwenye fizikia. "High sound". Kiswahili "sauti ya juu" kwa wengi ni sauti kubwa, mtu amepaza. Kwa fizikia na muziki "high" ni nyembamba, kama filimbi, na "low" ni nene, kama besi. Ukubwa ni jambo jingine kabisa. Filimbi inaweza kuwa nyembamba na ndogo, besi inaweza kuwa nene na kubwa mpaka kioo cha dirisha kinatetemeka. Ukubwa unapimwa kwa desibeli (herufi B kwenye dB ni kubwa kwa heshima ya Alexander Graham Bell), na desibeli haziendi kwa kujumlisha kama vibaba, ukiongeza 10 nguvu ya sauti imezidishwa mara 10, ukiongeza 20 mara 100. Wembamba na unene unapimwa kwa hezi, mitetemo kwa sekunde. Sikio zima la kijana linashika kuanzia hezi 20 hivi mpaka 20,000, na juu ya hapo ndo "ultrasound", sauti ipo ila sisi hatupo kwenye orodha ya walioalikwa. Popo yupo.

Na hapo ndo kamusi zinagawanyika. Nyingine zinasema sauti ni mtetemo unaosafiri kwenye hewa, maji au kitu kigumu. Nyingine zinasema ni kile kinachosikika. Ukishika ya kwanza mti ukianguka msituni bila mtu umetoa sauti, ukishika ya pili haujatoa. Watu wamebishana weee, wakati wanabishania mstari wa kamusi. Kiswahili kinasema mti umeanguka kwa kishindo, na kishindo ni cha mti, hakiulizi kama kuna sikio karibu.

Jicho la Nyoka

Nimerudi na silaha mpya 😎

@Kipaza Sauti umesema manne. Nimesoma kwamba hiyo "sonder" ya Kifaransa kuna wataalamu wanasema mzizi wake ni hiyohiyo "sund" ya watu wa kaskazini, kwamba mabaharia ndo waliopeana. Kwa hiyo mlangobahari na kupima kina ni ndugu, maneno yanabaki matatu. Na Denmaki hapohapo neno "sund" kwao ni mlangobahari na pia ni mwenye afya. Sasa nani kasema hayagusani?

Kipaza Sauti (mwanzisha uzi)

Safi, hivi ndo nilitaka uzi uende.

Hiyo ya "sonder" ipo kweli na hapo wataalamu hawajakubaliana, wengine wanaipeleka Kilatini kwenye neno la kuzama chini ya wimbi, "subundare". Ukitaka kuhesabu matatu hesabu, hunikwazi, ila hata kama ni ndugu walitengana wakafikia Kiingereza kwa njia tofauti, mmoja kapita Ufaransa mwingine kaja na mitumbwi ya kaskazini.

Ila ya Denmaki inanisaidia mimi, haikusaidii wewe. Kule nako ni maneno mawili yaliyogongana, moja la kuogelea moja la afya. Ajali imetokea mara mbili kwenye lugha mbili. Unless useme Wadenmaki wanaamini kuogelea kunaleta afya, na hapo sitakubishia.

Na nikiwa hapohapo kwenye majina ya bahari, sio kila kinachoitwa "Sound" ni sound. Milford Sound ya New Zealand, ile yenye milima imesimama wima ndani ya maji kila mtu anaipiga picha, kijiografia ni fiodi, bonde lililochongwa na barafu halafu bahari ikaingia. Wenye kuipa jina hawakusubiri mtu wa jiolojia.

fizikia_tu

Nilisahau kitu ambacho naona ndo utamu wenyewe wa huu uzi.

Bildi ya @Nahodha Kivuli ina mwisho wake. Meli ya utafiti ya Uingereza, Challenger, ilizunguka bahari za dunia 1872 mpaka 1876 ikipima kina kwa kamba, na tarehe 23 Machi 1875 kule magharibi mwa Pasifiki kamba ikaenda pima 4,475. Hiyo ni kama mita 8,184. Hebu fikiria kushusha kamba kilomita nane na kuivuta, kwa nukta moja tu ya ramani. Karne iliyofuata wakaja na wazo la kutuma mlio badala ya kamba. Sauti kwenye maji inakimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, hewani ni 343 tu kwenye nyuzi joto 20, kwa hiyo unapiga mlio, unasubiri mwangwi urudi kutoka sakafuni, unachukua muda unazidisha na 1,500 halafu unagawa kwa mbili maana umesafiri kwenda na kurudi. Kile kina cha Challenger mwangwi unakimaliza kwa sekunde 11 hivi. Meli ya Ujerumani, Meteor, ikaipima Atlantiki ya kusini namna hiyo mwaka 1925 mpaka 1927, mstari baada ya mstari.

Chombo chenyewe kinaitwa "echo sounder". Sasa hapo kila mtu anajua kabisa "sounder" imetoka kwenye sauti, si kinatoa sauti? Wala. Ni ile ya kupima kina, ilikuwepo karne nyingi kabla. Maneno mawili yasiyojuana yamekuja kukutana kwenye mashine moja kwa bahati tu.

Na zile puto za hali ya hewa zinazobeba vipimo juu angani, "radiosonde", na "sounding rocket", zote ni za kina. Wamegeuza bildi wakaielekeza juu.

Mpita Njia 2

Samahanini wakubwa, mi nafanya kazi ya tafsiri na leo kuna sentensi imenikwamisha. Bosi kamwambia mtu "sound him out" halafu mbele kidogo "be my sounding board". Ni neno moja hilo au mawili?

Mama Vokali

Mdogo wangu hayo ni mawili, na yamekaa kinyume na unavyodhani.

"Sound him out" ni ya bildi. Kamtupie kamba ujue kina chake, anawaza nini, bila kumuuliza waziwazi. Kiswahili mdodose, au mpime upepo. Ukiandika "mpigie kelele" bosi atakufukuza. "Sounding board" ndo ya sauti. Ilikuwa ubao uliowekwa juu ya mimbari kanisani ili sauti ya mhubiri isipotelee darini, irudi kwa watu. Leo ni mtu unayemtolea mawazo yako ili uyasikie yakirudi. Kwenye tafsiri mimi ningeandika "nataka nikushirikishe mawazo yangu unipe maoni", inatosha, usihangaike kumleta ubao.

Na kitu kingine kinachokosewa sana, "that sounds good", sio "sounds well". Hapo kitenzi kinafanya kazi ya "inaelekea" au "naona", ndo maana kinafuatwa na sifa. "You sound tired", sauti yako inaonyesha umechoka. Mtu akikuambia "sounds like a plan" wewe jibu "poa", usitafute sauti iko wapi.

Mpita Njia 2

Asante dada, umeniokoa. Na je mtu akisema tu "he's sound"? Nimeikuta kwenye meseji ya Mu-Airishi.

Kipaza Sauti (mwanzisha uzi)

Hiyo ni ya uzima. Airishi na sehemu za Uingereza "he's sound" ni jamaa yuko poa, wa kuaminika. Na mtu ukimfanyia jambo anaweza kukujibu "sound", neno moja tu, ni kama freshi.

Jicho la Nyoka

Sasa "sound engineer" ni fundi wa sauti au ni fundi mwenye akili timamu?

Nahodha Kivuli

Au anayepima kina 😂

fizikia_tu

Kwa wale waliowahi kukaa karibu na spika zake, la akili timamu lifuteni kwanza.